Kidonge cha Chiriku

11 Januari

Kwako mwanangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima na unakula kwa wakati. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo yameamua kustaafu kabla yangu. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu nasikia nusu, nusu nyingine najijazia mwenyewe, halafu tunagombana bure. Barua naisoma mara tatu na hainikimbii.

Kazini niko pale pale kwa dobi. Wameleta mashine mpya ya kupigia pasi mashuka, inameza shuka zima na kulitoa upande wa pili limenyooka. Ila kola za mashati bado zinaletwa kwangu. Mashine haijui kola.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wako Chiriku anaumwa, na si homa ya siku mbili. Ulipoondoka alikuwa anasuka vichwa vitano kwa siku, huku akisimulia habari za mtaa mzima bila kupumua. Tangu Oktoba vidole vinamvimba asubuhi hadi hawezi kushika kitana. Akikaa juani kidogo anachoka kama mtu aliyebeba magunia. Usoni limemtoka baka, limetanda mashavu mawili na kukatiza juu ya pua. Wateja wanamuuliza kama ameungua na dawa ya nywele, naye anawajibu kwamba amekopa uso wa mtu mwingine wakati wake uko kwa fundi.

Tulikwenda kliniki mara nne. Wakampima damu mara nyingi, mwishowe daktari akatueleza kwamba kinga ya mwili wake imegeuka. Badala ya kupigana na wadudu, inampiga yeye mwenyewe. Nikamuuliza, "Mwili unajipigaje, umekosewa na nani?" Akasema hata wao hawajui vizuri kinachoanzisha. Amempa kidonge, kimoja kila siku. Anasema ni ndugu wa ile dawa ya zamani ya malaria, na kwamba asikiache hata siku moja.

Mwanangu, wewe ndiye tuliyekusomesha. Mikono hii imefua na kupiga pasi ili wewe usije ukafua cha mtu. Leo uko na watafiti, kwenye nyumba ya elimu yenyewe. Tueleze basi. Huko kwenu wanasemaje juu ya mwili unaojipiga? Chiriku naye anauliza, ingawa anajifanya hajali.

Ni mimi,
Shangazi yako


29 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana na nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Huku baridi bado kali, ila chumba changu kina joto na ninakula, usiwe na wasiwasi. Msalimie Chiriku, mwambie uso wake uliokopwa nautaka urudishwe.

Umeuliza, nami nafurahi umeuliza, kwa sababu kazi yetu hapa maabara inagusa jambo hilo hilo. Sisi tunachunguza jinsi seli inavyojila.

Usishtuke. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila chumba kina taka zake, sehemu zilizopinda na vinu vya nguvu vilivyochakaa. Seli inazifunga taka hizo ndani ya kifuko, kifuko kinaungana na kingine chenye asidi, na humo zinasagwa. Vipande vinavyopatikana vinatumika kujengea upya. Hakipotei kitu. Na seli ikiwa na njaa ndipo inapofanya kazi hiyo kwa bidii zaidi, maana inajitafutia chakula ndani ya nyumba yake.

Kinga inaingia hapa. Taka zikizagaa ndani ya seli, zinaamsha king'ora cha kinga. Askari wa mwili wanadhani adui ameingia, na vita inaanza pasipo na adui. Seli inayojisafisha vizuri inawaacha askari walale. Hata mdudu akiingia kweli, anafungwa kwenye kifuko kama hicho na kusagwa, na askari wanaonyeshwa vipande vyake ili wamjue siku nyingine.

Kuhusu hicho kidonge, nina neno. Dawa ya ukoo huo tunaitumia hapa. Tunaitia kwenye seli zilizo kwenye visahani, na nimeona mwenyewe kwenye darubini kinachotokea. Vifuko vinashindwa kusaga, vinajaa, na seli inavimba kwa taka zake. Sisemi daktari wenu amekosea. Nasema tu nilichokiona.

Nitaendelea kufuatilia. Chiriku asikate tamaa, ana mtu wake huku ndani.

Mwanao


16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu kwa uzima wako. Sisi tupo. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa ajili yangu na mara moja kwa sauti kwa ajili ya Chiriku, na kazini nikawasomea wenzangu wawili wa kwenye pasi. Mmoja akasema, "Kweli mtoto amesoma, anaeleza mpaka mtu wa pasi anaelewa." Sikulala kwa furaha.

Lakini hapa nyumbani umetuachia kazi. Nilipofika pale unaposema seli inavimba kwa taka, nilimtazama Chiriku na vile vidole vyake, nikamwambia, "Umeona? Kuvimba ndiko huku."

Akasema, "Mama, kaka amesema seli za kwenye visahani. Mimi niko kwenye sahani?"

Nikamwambia aache mzaha. Akasema hafanyi mzaha, kidonge amekinywa miezi miwili na vidole vimeanza kufunguka, juzi amesuka kichwa kimoja akamaliza. Nikamwambia pengine ni siku nzuri tu imepita. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akaniambia, "Basi muulize moja kwa moja. Akisema niache, nitaacha. Yeye hawezi kunitakia mabaya."

Daktari wa kliniki anasema tusikiguse. Yeye tunamwona dakika kumi kila baada ya wiki sita, na hainui kichwa kutoka kwenye karatasi. Wewe ni damu yetu na uko jikoni kwenyewe, unaona chungu kinavyochemka. Kwa hiyo nakuuliza wazi, na nitafuata utakalosema. Aendelee na kidonge au aache? Na hiyo njaa unayosema inasafisha, ni njaa ya namna gani?

Nijibu upesi.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wote ni wazima. Mimi sijambo, kazi ni nyingi.

Nimefikiri sana swali lako. Kwa jinsi ninavyoona, Chiriku akipumzishe kidonge kwa muda, tuupe mwili nafasi ya kujisafisha wenyewe. Apunguze mlo, ale mara moja kwa siku, maji anywe ya kutosha. Tuangalie miezi miwili. Mwanzoni anaweza kujisikia vibaya kidogo, maana taka zikianza kutoka mtu huzisikia.

Msimwambie daktari kwanza. Watu wa kliniki wanafuata vitabu vya zamani, mtabishana bure.

Nawapenda.

Mwanao


20 Aprili

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi. Afya yako vipi, na kazi? Mimi mgongo unanisumbua kidogo, la kustaajabisha hakuna.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na habari. Chiriku aliacha kidonge siku ile ile barua yako ilipofika. Vilivyobaki nimevifunga kwenye kitambaa nikaviweka kabatini. Alianza kula mara moja, saa nane mchana, na hakulalamika hata siku moja, wewe unamjua akishasema neno lake. Wiki tatu za kwanza alikuwa vizuri kabisa, nikasema ahadi yako imetimia. Sketi zake zinamzunguka kiunoni, nimempunguzia mbili.

Sasa taka zimeanza kutoka, kama ulivyosema. Vidole vimevimba tena, na safari hii miguu pia. Nikibonyeza kwa kidole inabaki shimo. Akiamka kope zimejaa mpaka macho yanakuwa kama mistari. Na mkojo wake una povu, samahani kwa kukuandikia hivi, povu jingi lisilokwisha. Yeye aliogopa. Mimi nikamwambia asiogope, mimi nimeishi na povu miaka thelathini, najua povu likionekana ni kwamba uchafu unaachia nguo.

Anaongea kidogo siku hizi. Nadhani ni uchovu. Anakaa mlangoni mwa saluni anawatazama wenzake wanavyosuka. Jana alinishika mkono akauliza, "Mama, kusafishwa huku kunachukua muda gani?" Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Basi nakuuliza. Kunachukua muda gani?

Shangazi yako


Ujumbe wa simu, 2 Mei, saa tano asubuhi

Shangazi, mpeleke Chiriku hospitali leo, sasa hivi, kubwa kuliko ile kliniki. Waambie ameacha kidonge tangu Machi, anakula mara moja kwa siku, miguu imevimba, mkojo una povu. Usifiche kitu. Si uchafu unaotoka. Ni figo. Barua inakuja. Mwanao.


Ujumbe wa simu, 2 Mei, saa kumi na moja jioni

Tumefika. Wamemlaza. Wameuliza nani alimwambia aache dawa. Nimesema ni mtaalamu wetu aliye nje. Shangazi.


3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitauliza habari zenu kwa sababu habari zenu nimezifanya mimi.

Mimi si mtaalamu. Sijawahi kuwa. Mimi naosha vyombo vya maabara. Asubuhi nakuta chupa na visahani vya jana vimejaa kwenye beseni tatu. Navitia dawa ya kuua vijidudu, navisugua kwa brashi, nasuuza kwa maji ya bomba mara tatu na maji yaliyochujwa mara tatu, navikausha kwenye tanuri, navirudisha kwenye rafu. Mchana nafanya hivyo tena. Ndiyo kazi yangu tangu nilipoanza hapa, miaka minne sasa.

Chuo nilichokuja kusoma nilishindwa mwaka wa kwanza. Sikuwaambia. Ulipouliza nafanya kazi wapi nikaandika "niko maabara", na hilo lilikuwa kweli. Wewe ukawaambia watu niko na watafiti. Nikaona nikikusahihisha nitakuambia kwamba ulipiga pasi miaka yote ile ili mimi nioshe vyombo vya watu. Kila barua ilipokuja nilisema ijayo nitasema. Halafu ukaniuliza jambo la Chiriku, na kwa mara ya kwanza nikahisi kuwa mtu mwenye jibu. Nilivaa kilemba cha ukoka nilichojifunga mwenyewe.

Niliyoandika sikuyatunga. Kila Alhamisi watafiti wanakutana, na mimi nikiwa nasukuma toroli la chupa nasikia. Mengine nimeyasoma kwenye karatasi walizotupa. Siku moja mmoja wao alinifungulia darubini nikatazama zile seli zilizovimba. Nilisikia nusu nikaiandika kama nzima. Ulipouliza wazi, aendelee au aache, nilikaa na karatasi siku mbili. Nilijua sijui. Nikaandika hivyo hivyo. Na lile neno la kutomwambia daktari niliandika kwa sababu niliogopa atagundua.

Barua yako ya Aprili niliisomea kwenye chumba cha kuoshea. Nilipofika kwenye povu, nilikumbuka neno nililowahi kulisikia juu ya figo, nikakimbia kwa profesa anayeongoza maabara nikiwa bado na glavu za mpira. Hajawahi kuniona ofisini kwake. Nikamwonyesha barua nikamtafsiria mstari kwa mstari.

Akauliza, "Huyu ni nani kwako?"

Nikasema ni mdogo wangu.

"Nani alimwambia aache dawa?"

Nikasema ni mimi.

Akasema, "Kwanza tuma ujumbe. Ukishatuma, kaa." Ule ujumbe wa saa tano niliandika mbele yake.

Alinieleza taratibu, na nakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza. Ni kweli kwamba seli inajila, na ni kweli kwamba isipojisafisha kinga inaweza kuchokozeka. Lakini hiyo ni nusu. Katika ugonjwa wa Chiriku, askari wa kinga wanaokota mabaki ya seli za mwili wenyewe zilizokufa, wanayaingiza ndani ya vile vifuko vyao vya asidi, na mle ndani ya kifuko ndimo king'ora kilimo. Kidonge kinapunguza makali ya asidi, na king'ora kinanyamaza. Nilichokiona mimi kama ubaya wa dawa ndicho kinachomlinda. Tena baadhi ya askari wanaotengeneza silaha za kumpiga wanaishi kwa kujila huko huko. Ukiwachochea huwezi kujua unamsaidia nani, mwenye nyumba au anayeivunja. Na zile seli za kwenye visahani zinapewa dawa nyingi kuliko anayopata mtu, kwa saa chache, na hazina figo wala damu wala vidole.

Juu ya njaa nilimuuliza pia. Akasema, "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Siwezi kumwambia mgonjwa hata mmoja ale mara ngapi kwa ajili ya haya. Wewe ulimwambia."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Shangazi, soma barua hii kwa daktari wa hospitali, ajue kila kitu. Msomee na Chiriku. Usinitetee.

Mwanao


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimetuma ujumbe kila Jumapili na sijapata jibu. Jirani niliyempigia aliniambia tu kwamba bado mko hospitali, kisha akasema hana ruhusa ya kusema zaidi. Nimeelewa ruhusa hiyo imetoka kwa nani, na ni haki.

Sina neno jipya. Naandika ili ujue sijanyamaza. Profesa aliniuliza juzi habari za mgonjwa, nikasema sijui. Aliniambia Alhamisi nikae kwenye kiti badala ya kusimama na toroli, na nisipoelewa niulize. Nimekaa mara mbili. Nimegundua kwamba karibu kila kitu sielewi.

Kama Chiriku yupo, mwambie nimeuliza. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima kiasi. Chiriku yupo.

Hilo nimelianza kwanza kwa sababu najua umelisubiri. Barua yako ya Mei nilimsomea daktari kama ulivyosema. Huyu wa hospitali aliinua kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo kijana angeosha chupa tu." Kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo. Barua ya Juni niliiweka kwenye mfuko wa aproni, ikakaa humo bila kufunguliwa mpaka jana. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku baba yako alipofariki akaniachia mtoto wa miaka sita.

Nikuambie hasira ilikuwa ya nini, usije ukakosea. Haikuwa kwa sababu unaosha vyombo. Ulidhani mimi nitamwonea aibu mtu anayeosha? Mimi? Ungeniandikia tu kwamba umeshindwa chuo na una kazi ya mikono, ningewasomea wenzangu kwenye pasi kwa sauti ile ile. Umeniona mdogo kuliko nilivyo, mwanangu, na mtoto wangu akalipa. Hiyo ndiyo hasira.

Na nyingine ni yangu mwenyewe. Chiriku aliniambia vidole vinafunguka. Alinionyesha. Nikachagua kuamini karatasi iliyotoka nchi ya mbali kuliko vidole vilivyokuwa mbele yangu mezani. Nilipenda kuwa na mtaalamu ndani ya ukoo. Lile povu nililifafanua mimi, si wewe. Daktari aliponiambia povu lile ni protini ya mwili wake inavuja kupitia figo, ilibidi nitoke nje nikashike ukuta.

Alilala hospitali wiki kumi na mbili. Walimchoma sindano mgongoni kuchukua kipande kidogo cha figo wakitazame. Wakampa dawa kali kwa mshipa, na zile zikaangusha nywele zake, zote, yeye ambaye maisha yake ni nywele za watu. Siku moja alijaa maji mwilini mpaka sikumjua, nikapita kitanda chake nikaenda kitanda cha pili. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, niko huku."

Sasa tuko nyumbani tangu wiki mbili zilizopita. Daktari anasema figo zimeokoka lakini hazitarudi kama zamani. Atapimwa mkojo na damu kila mwezi, na atachunga chumvi. Kuhusu kuzaa, wamesema tusubiri miaka, kisha wataona. Aliambiwa hilo mimi nikiwepo. Aliitikia kwa kichwa tu, akaomba maji. Kidonge kimerudi. Anakinywa mbele yangu kila asubuhi, nami siulizi kitu, natazama tu kinavyopita kooni.

Juzi alianza kwenda saluni nusu siku. Amevaa kitambaa kichwani, anakaa kwenye kiti kirefu, anasuka watoto wadogo tu maana vichwa vyao vinaisha haraka. Mteja mmoja alimuuliza kwa nini msusi hana nywele. Alijibu kwamba amewagawia wateja. Nilisikia hilo mwenyewe, kwa sikio langu hili bovu, nikajua anarudi.

Jina lako hakulitaja tangu Mei. Nilipomsomea ile barua ya kukiri aligeukia ukutani, akasema nisimletee salamu zako wala nisipeleke zake. Nikatii. Nilimkataza jirani kusema, ndiyo. Jana baada ya kula, na sasa anakula mara tatu, aliniomba nimletee barua zako zote. Nikamletea. Alizipanga kwa tarehe kitandani, akazisoma moja moja, ile ya seli inayojila, ile ya Machi, ile ya Mei, na ya Juni ambayo aliifungua yeye. Ile ya Machi aliishika muda mrefu. Nilikuwa nakunja nguo nikijifanya sitazami.

Alipomaliza alizikunja akanirudishia. Nilimuuliza kama ana neno la kukupelekea. Akasema hana. Nikaendelea kukunja nguo. Nilipokuwa natoka mlangoni akaniita.

Akasema, "Mama, umegundua? Kaka aliposema uongo aliandika vizuri sana. Hizi mbili za kweli ameandika vibaya, hazina hata utamu."

Nikamwambia ni kweli.

Akasema, "Mwambie aendelee kuandika vibaya."

Ni mimi,
Shangazi yako